Sauti Alizozisikia Mama

Juu ya duka la rangi,
Alhamisi, watoto wakiwa shule.

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na nikishamaliza hiyo ya kanisani nakupa na ile ya nyumbani: shikamoo, dada. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia umeanza kuukanyagia vizuri, lakini nakujua, ukikanyaga vizuri siku mbili unataka kubeba ndoo mbili. Baba watoto wako naye vipi, kile kikohozi kimemwachia? Na wanangu wote hapo, hasa yule wa mtihani, mwambie mama yake mdogo anamtaja kwenye sala kila asubuhi, ila na yeye asome, asiniachie mimi kazi yote.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako anakusalimu sana, na ndiye aliyenifukuza jikoni leo nikae niandike. Watoto wanamsalimu mama yao mkubwa. Kitinda mimba wetu, ambaye hujamtia machoni, sasa anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Shemeji yako anasema tusitafute mchawi, mtoto kamrithi mama yake, Chiriku mwenyewe.

Barua yako uliyoandika wiki moja baada ya kumzika Mama niliipata zamani. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umeniambia watu walikuuliza pale kaburini binti mdogo wa marehemu yuko wapi, ukawajibu yuko misheni, ana watu sitini wa kuwalea, hawezi kuwaacha. Halafu ukaandika kwamba jibu hilo wewe mwenyewe halijakuingia, ukataka nikueleze kwa nini sikuja, tena nikujibu kama mdogo wako, nisikujibu kama mama mchungaji. Ni miezi miwili sasa. Mara tatu nimeanza kuandika, na kila mara nikifika katikati namkuta mama mchungaji ameshika kalamu, basi nachana.

Leo ngoja nianze na nyumba, maana kwa miaka minne nimekuandikia mengi ila sijakuonyesha tunavyoishi. Tuna vyumba viwili juu ya duka la rangi. Ngazi ni ya chuma, iko nje, na mgeni akikanyaga kidato cha kwanza sisi tunajua kama amevaa viatu au kandambili. Harufu ya rangi imeingia kwenye mapazia, kwenye mito, hata kwenye wali. Nikiwa na mimba ya huyu wa mwisho nilikuwa nashinda kichwa nje ya dirisha, mpaka muuza duka akamuuliza shemeji yako kama mkewe anataka kuruka. Sasa tumezoea. Ugenini ni hivyo, unashtuka siku moja na kukuta hata kero zake zimekuwa zako.

Kanisa liko mtaa wa pili. Zamani lilikuwa ghala la magodoro. Ni jumba refu, sakafu ya saruji, madirisha madogo juu kabisa karibu na paa, na mlango wa chuma unaopandishwa kwa mnyororo. Jumamosi napiga deki mimi na binti yetu mkubwa, tunaanza mwisho tunamalizia mlangoni. Jumapili asubuhi shemeji yako anapanga viti. Tunavyo arobaini, na anavipanga vyote, mstari kwa mstari, anarudi nyuma kuangalia kama vimenyooka, anasogeza kimoja kwa goti. Yule wetu wa kati aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, akajibu kwamba anapanga viti. Mwalimu alidhani ni fundi wa sherehe.

Siku za kazi anatembea nyumba kwa nyumba. Lugha ya hapa anaisema kama mtu anayetafuna mawe, lakini haoni haya, na watu wanampenda kwa hilo. Usidhani watu wa hapa ni wabaya, dada. Wanafungua mlango, wanamkaribisha chai, wanamsikiliza mpaka mwisho, wanamshukuru, na wanamwahidi Jumapili ijayo. Kama wote walioahidi Jumapili ijayo wangekuja siku moja, tungebomoa ukuta. Anarudi jioni viatu vimelika upande mmoja, anakula, anafungua kidaftari chake na kuwaombea mmoja mmoja kwa anuani zao.

Na matunda hayakosekani. Kuna mzee fundi viatu, ambaye Jumapili yake ya kwanza aliingia akitafuta godoro. Hakujua ghala limehama. Akakuta ibada imeanza, akaona haya kutoka, akakaa mpaka mwisho, na Jumapili iliyofuata akarudi bila habari za godoro. Kuna mama anayefua nguo za watu, anakuja na bintiye. Huyo anakuja siku za mawingu na mvua. Jua likiwaka hatumwoni, maana nguo za wateja hazingoji, na siwezi kumlaumu. Shemeji yako ndiye mchungaji pekee duniani anayeamka Jumapili akaomba mawingu.

Sasa dada, unangoja nikutajie wengine. Hao ndio wote. Mzee fundi viatu, mama dobi, bintiye, na sisi watano. Tuko wanane.

Nimeinuka, nimekunywa maji, nimerudi. Naomba usiikunje barua hapo.

Zile taarifa za kila mwezi zinazosomwa kanisani kwetu Jumapili ya kwanza, ninaziandika mimi. Shemeji yako mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye majivu, kwa hiyo tangu mwanzo aliniambia mwenye kalamu ni wewe, andika, mimi nitatia sahihi. Na anatia sahihi bila kusoma, kwa sababu anayeziandika ni mimi. Mwezi wa kwanza niliandika watu thelathini na wanane, na ilikuwa kweli kabisa. Siku ya ufunguzi tulitoa chai, mtaa mzima ukaja kuchungulia ghala la magodoro limekuwa nini. Wewe ukaniandikia kwamba katibu aliposoma ile hesabu, Mama alisimama kwenye benchi la mbele akapiga vigelegele mpaka watoto wadogo wakaanza kulia.

Mwezi wa pili walikuja wawili. Nilikaa na ile karatasi mezani, nikaiangalia ile nafasi ya waliohudhuria, nikamwona Mama anakaa kwenye benchi anasubiri. Nikaandika zaidi ya thelathini. Nilijiambia wamechelewa tu, watarudi, mwezi ujao itakuwa kweli na hakuna atakayejua. Mwezi uliofuata sikuweza kushuka, maana kanisa likipungua wanauliza kuna nini. Nikatia chumvi kidogo, mwezi mwingine kidogo, mpaka tukafika sitini. Shemeji yako hakujua. Mara moja mzee wa kanisa alimwandikia salamu kwa umati wote alionao, akacheka, akasema wazee wetu wana imani kubwa kutuzidi.

Ndipo Mama akaugua. Barua yako iliyosema nije haraka niliisomea jikoni, na shemeji yako akaniambia hapohapo nifunge mzigo, watoto atawatazama yeye. Nilifunga, dada. Sanduku lilikaa mlangoni siku tatu. Siku ya nne nikalifungua nikarudisha nguo kabatini, nikamwambia shemeji yako kwamba Mama mwenyewe amenikataza kuja. Hilo ndilo nililomwambia. Ndilo nililokuambia na wewe.

Jibu la swali lako ni hili. Unajua wanavyofanya hapo nyumbani mmisionari akirudi. Hajashusha mizigo, Jumapili anaitwa mbele, anapewa kipaza sauti, atoe salamu za watu wake na aeleze kazi. Mama alikuwa mgonjwa, ndiyo, lakini Jumapili ingefika na wangeniita, na Mama angebebwa kwa kiti aje asikie. Nilijiona nimesimama pale nikisema uongo kwa mdomo, mbele yake. Kwenye karatasi nilishazoea. Mdomoni nilijua utanikwama. Niliogopa kuaibika, dada. Sikuja kumwona mama yangu akiwa hai kwa sababu niliogopa kusimamishwa kanisani.

Na bado kuna lile la simu. Wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyemshikia simu sikioni, lakini uliona upande mmoja tu. Siku ya nne ile ile ilikuwa Jumapili. Ulinipigia asubuhi, ukaniambia Mama anataka neno moja tu, asikie watu wangu wakiimba, halafu ataamua kama niende au nikae. Ningeweza kusema pale pale. Ningesema Mama, hawapo, naja. Nilichosema ni kwamba unipigie tena baada ya nusu saa, wakishafika wote.

Jua lilikuwa linawaka, kwa hiyo mama dobi hakuja. Tulikuwa sisi watano na mzee fundi viatu. Nilimwambia shemeji yako kwamba Mama anaumwa, tumwimbie kwa nguvu zetu zote, akakubali kwa moyo mweupe. Nilimwambia viti vimenisumbua, tuvipange kando, vyote arobaini, maana nilijua jumba tupu linavuma. Nikashusha mlango wa chuma. Simu nikaiweka kwenye kona ya mwisho kabisa, mbali nasi, ili sauti igonge kuta kwanza ndipo imfikie. Hayo yote niliyafanya kwa akili zangu timamu. Halafu tukaimba ule wimbo aliotufundisha tukiwa wadogo, ule wa kuvuka mto. Shemeji yako besi, binti yangu sauti ya pili, wa kati anapotea na kurudi, mdogo anapiga makelele tu. Mzee wa watu hajui lugha yetu, akawa anafuata kwa mdomo uliofumbwa, mmm, mmm, nyuma yetu hatua moja. Jumba lilivuma kweli. Tulisikika kama halaiki.

Nilipochukua simu nilimsikia Mama akipumua kwa shida. Kisha akaniuliza kitu kimoja. Aliuliza yule mwenye sauti nzito asiyetamka maneno ni nani. Nikamjibu kwamba wenye besi ni wengi, Mama, siwezi kujua unamsema yupi. Halafu akasema haya, mwanangu, kaa huko, usije, mimi nitakuwa sawa. Akaniambia nimejitahidi. Nilikata simu nikapumua kama mtu aliyefaulu mtihani. Siku kumi na moja baadaye ukanipigia wewe, na nilijua kabla hujasema lolote.

Nilidhani nitazeeka na siri hii. Ningekuandikia kitu cha kukutuliza, ningesema viza ilisumbua, nawe ungenisamehe polepole kama unavyonisamehe kila kitu tangu utotoni. Lakini Jumanne kifurushi chako kimefika.

Unajua desturi ya Mama na kwaya yake. Kila aliyekubaliwa kwaya alimshonea kifuko cha kitambaa cha kuwekea kitabu cha nyimbo, na pembeni akadarizi herufi ya kwanza ya jina lake. Mtu alikuwa hajui kama amepita mpaka apewe kifuko. Nimesoma karatasi yako uliyoweka ndani. Umeandika kwamba baada ya ile simu Mama alikaa kitandani akaomba sindano, akaanza kuwashonea watu wangu, na ugonjwa ukamwahi, akafikisha vifuko sita. Umeandika kwamba kitambaa kilikuwepo tele na uzi ulikuwepo, ulimhimiza aendelee hata kimoja kimoja, akakuambia amemaliza, ukaona ni kuchanganyikiwa kwa ugonjwa. Na kifuko kimoja hakina herufi, ukasema labda alisahau. Umeniomba radhi kwa niaba yake, dada. Umeniomba niwaeleze wale hamsini na wanne waliokosa.

Mama hakuchanganyikiwa. Kifuko cha kwanza kina herufi ya shemeji yako, cha pili cha kwangu, vitatu vya watoto. Hata huyu mdogo, ambaye Mama alimjua kwa picha tu, herufi yake ipo. Na kile kisicho na herufi ni cha mzee fundi viatu, kwa sababu aliniuliza jina lake na mimi sikumtajia.

Alikuwa mwalimu wa kwaya miaka thelathini. Alikuwa anawasimamisha watu arobaini katikati ya wimbo, anamnyooshea kidole mmoja nyuma na kumuuliza mafua yamemwanza lini. Ningewezaje kumdanganya masikio? Alitusikia sita na akatuhesabu mmoja mmoja. Alijua hakuna sitini, alijua viti viko wapi, alijua kwa nini simu iko mbali. Angeweza kuniambia njoo. Akaniambia usije, ili nisisimamishwe mbele ya watu. Alikuwa anakufa, dada, alikuwa ananitaka, na akanikataza kwa sababu alisikia ninavyoogopa. Wewe hakukuambia neno. Alikaa akashona vya kutosha, akafunga uzi.

Nililia pale mezani mpaka muuza duka akapanda kuuliza kuna nini. Shemeji yako aliporudi nilimweleza yote tangu mwezi wa pili. Hakunipigia kelele. Alitoka akakaa kwenye ngazi, watu wa dukani wakawa wanampita kwa chini, na aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu. Aliniuliza kitu kimoja, kwa nini sikumwambia yeye wakati Mama yu hai, maana angenibeba mgongoni mpaka nyumbani. Jana amechukua karatasi ya taarifa akaiandika mwenyewe kwa ule mwandiko wake, imemchukua asubuhi nzima. Ameandika wanane. Nilimwomba aongeze kwamba zile hesabu za nyuma zilikuwa zangu mimi, akaandika zilikuwa zetu, kwa kuwa sahihi ni yake. Kanisa likiamua kuturudisha tutarudi. Mzee fundi viatu amepewa kifuko chake. Tulipomweleza kimetoka kwa nani, aliuliza kama yule mama alimsikia alivyokuwa hajui maneno, nikamwambia alimsikia vizuri sana.

Mimi nakuja mwisho wa mwezi ujao, peke yangu. Nitaomba unipeleke kwake kabla hujanipeleka kwako. Kama hutaki kunipokea, niandikie, nitafikia kwa mtu mwingine, ila kaburini nitakwenda. Na Jumapili wakiniita mbele nitakwenda mbele. Sikuombi unitetee, wala usikae karibu nami kama unaona aibu. Wewe ulimwogesha, ulimlisha, ulimzika, halafu ukaja kuniomba radhi mimi. Sina pa kuuweka uso wangu.

Nisikuchoshe zaidi, mafuta yapo motoni na watoto karibu watarudi na njaa yao. Mpe baba watoto wako mkono wangu. Wabusu wanangu. Majirani na wanakwaya wa Mama wasalimie mmoja mmoja, na wanaotuulizia wote waambie bado tupo. Wakikuuliza tuko wangapi, sema wanane, na siku ya jua sita.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku.